Mwalimu wa Asubuhi, Mpiga Tumba wa Usiku

Juma hili nimeziweka kando barua za mapishi na za ushonaji zilizorundikana mezani pangu, nami nawaomba radhi akina mama wanaongojea jibu juu ya jamu ya mapera. Zamu yao itafika. Nimefanya hivyo kwa ajili ya barua moja iliyonifikia kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne, mwenyeji wa Kivu. Kiswahili chake ni cha huko kwao, nami nimekigusa kidogo tu pale ambapo msomaji wa pwani angekwama. Ameomba nisitaje jina lake wala la bwana wake.

"Mama Mwandishi," anasema, "bwana wangu ni mpiga tumba tangu ujana wake. Hapa Nakivale anafundisha watoto muziki shuleni, ni mwalimu msaidizi. Ijumaa jioni anapanda gari kwenda Mbarara, anapiga jazi katika hoteli Ijumaa na Jumamosi. Jumapili anarudi, mikono imevimba, hasikii nikimwita. Jumatatu saa mbili anasimama mbele ya watoto. Sasa bendi inataka apige siku nne kwa juma. Mkuu wa shule amesikia, amesema achague. Naye ameniuliza mimi. Mimi nitasema nini? Nikisema aache tumba, nitakuwa nimemuua. Nikisema aache shule, watoto wa hapa wataniangalia kwa macho gani?"

Mwishoni ameongeza maswali mawili madogo, moja la binti yake mkubwa na jingine la mahali pa kuiweka tumba ndani ya nyumba. Hayo nitayafikia.

Nilipata kufika Nakivale siku za nyuma, nikivuka mto Kagera pale Murongo na kupita Kikagati. Si kambi ya mahema kama wengi wadhanivyo. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 kuwasukuma watu wengi kuvuka mpaka. Leo wamo humo Wakongo, ambao ndio wengi kuliko wote, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, jumla yao ikizidi laki moja. Kuna ziwa, kuna mashamba madogo ya mahindi na maharagwe, na kuna masoko ambamo Mkongo na Mrundi hupatana bei kwa Kiswahili bila ya kujiuliza nani alimfundisha mwenzake. Siku ya Jumapili makanisa hupigiana magitaa na ngoma toka asubuhi hadi jua la mchana. Kwa hiyo sikushangaa hata kidogo kusikia kwamba mpiga tumba amejipatia kazi mbili huko. Kilichonishangaza ni kwamba amezishika zote mbili kwa muda wote huo.

Hapa yafaa niseme neno juu ya hiyo jazi yenyewe, maana vijana wa siku hizi hudhani ni kitu kilichokuja juzi. Sisi wazee neno hilo tulilikuta milangoni mwa kumbi za dansi. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932. OK Jazz ya Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville wakati huo, ilianza mwaka 1956. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, nayo ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Kwa hakika muziki wao ulikuwa rumba na dansi kuliko jazi ya Wamarekani, lakini jina walilitwaa kwa sababu lilibeba heshima ya ala za kisasa na watu waliovaa suti. Jambo la NUTA Jazz linalohusu barua yetu ni moja: wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mpiga ngoma aliyejua kwamba mwisho wa mwezi atapokea fedha, hata kama ukumbi haukujaa, aliweza kulala usingizi. Mpiga tumba wetu wa Mbarara hulipwa kwa usiku. Hoteli ikikosa wageni, halipwi. Mwenye hoteli akichoka na sauti ya matoazi, bendi nzima hutoka nje siku hiyohiyo.

Na shule je? Nchini Uganda mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo manne tu: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Muziki umo katika mtaala, lakini haumo katika mtihani huo, na kila mwalimu ajua kwamba somo lisilotahiniwa ndilo la kwanza kunyang'anywa kipindi. Kwa upande wa sekondari, mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 umeyaweka muziki, ngoma na maigizo pamoja kuwa somo moja la sanaa za maonyesho, nalo ni la kuchagua. Yapo pia mashindano ya kila mwaka ya shule katika muziki, ngoma na maigizo, na hapo ndipo msanii hukumbukwa. Mara nyingi huitwa majuma machache kabla ya mashindano, huwakimbiza watoto usiku na mchana, kikombe hupatikana au hukosekana, kisha huambiwa asante na kwaheri hadi mwaka ujao. Bwana wa mama huyu amepata bahati ya kubakishwa mwaka mzima. Bahati hiyo si ndogo, hasa kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa katika nchi inayofundisha kwa Kiingereza, ambaye vyeti vyake vya nyumbani havimpi nafasi ya mwalimu kamili mpaka vithibitishwe.

Lakini tusimhukumu mkuu wa shule pia. Katika makazi ya wakimbizi darasa la watoto mia na zaidi si jambo la ajabu. Mwalimu mmoja asipofika, watoto hao hawana pa kwenda isipokuwa kuongezwa katika darasa jingine ambalo nalo limekwisha kufurika. Mkuu anayesema "chagua" yawezekana hana chuki na tumba. Anahesabu vichwa.

Nimejiuliza huyo bwana huwafundisha nini watoto mia bila ya ala mia. Mama ameeleza, nami nimefurahi sana. Huwagawa mafungu matatu kwa mtindo wa ngoma za Burundi, kwa kuwa watoto wengi wa Kirundi wanaufahamu. Katika ngoma hizo, ambazo shirika la UNESCO liliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu, ngoma ya katikati inayoitwa inkiranya ndiyo inayoongoza; nyingine, amashakwe, hushika pigo lisilobadilika; na ibishikizo huifuata inkiranya popote iendako. Watoto hupiga makofi, mapaja na madumu ya maji yaliyo matupu. Fungu la pigo lisilobadilika ndilo gumu kuliko yote, asema mama, kwa maana kila mtoto hutaka kuongoza na hakuna anayetaka kukaa mahali pamoja. Mumewe huwaambia kwamba bila ya wale waliotulia, kiongozi hana pa kusimama. Kisha, watoto wakiisha kutulia, huwaonyesha lile pigo la rumba lenye mapigo matano ndani ya vipimo viwili, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, nao hulibeba hadi nyumbani na kuligonga juu ya sufuria za mama zao. Mtu anayefundisha hivyo hakulitoa somo hilo kitabuni. Amelitoa ukumbini Jumamosi usiku.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaosema kwamba kazi hizi mbili ni maadui. Uganda yenyewe ina mfano wa kuheshimika. Evaristo Muyinda alikuwa mwanamuziki wa jumba la Kabaka wa Buganda, bingwa wa amadinda, yaani marimba yenye vibao kumi na viwili. Alifanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na miaka ya 1950 na 1960 alifundisha wengi, wakiwamo wataalamu kutoka Ulaya waliokaa chini mbele yake kama watoto wa shule. Hakuacha kupiga ili afundishe. Amadinda hupigwa na watu watatu: wawili hukaa wakitazamana na kupokezana mapigo, wa tatu hukamata vibao viwili vya mwisho. Wimbo unaosikika haupigwi na yeyote kati yao peke yake. Huzaliwa katikati yao. Mwalimu asiyepiga angewezaje kulifundisha jambo kama hilo kwa maneno?

Huko Marekani, Max Roach, mmoja wa wapiga ngoma wakubwa kabisa wa jazi, alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts miaka ya mwanzo ya 1970, wakati huohuo akiendelea na kikundi chake cha M'Boom, ambacho wanachama wake wote walikuwa wapigaji wa ala za kugonga. Unguja nako, chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002 kwa jina la nchi za majahazi, yaani DCMA, kimewatumia walimu ambao jioni huonekana jukwaani. Tofauti ni kwamba Max Roach alikuwa na mshahara wa chuo kikuu, na hakuwa na shamba la maharagwe linalongoja palizi.

Na hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, mama mpenzi, kwa sababu barua yako yote imetaja kazi mbili, nami nimehesabu tatu.

Umeandika, kama mtu anayepita njia tu, kwamba mwaka 2020 "kila kitu kilifungwa." Wasomaji wengine yafaa wakumbushwe. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, karibu miaka miwili kamili. Baa na kumbi za muziki nazo zilifungwa kipindi hichohicho. Kwa hiyo mwalimu alipoteza kipato, na mpiga tumba alipoteza kipato, na walikuwa mtu mmoja. Tena ilikuwa Aprili 2020 ambapo mgawo wa chakula cha wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa hadi asilimia 70, na Februari 2021 ukapunguzwa tena hadi asilimia 60. Mlikula nini? Umejibu mwenyewe mstari wa chini yake: ulilima, ukauza maharagwe, ukasuka nywele za watu. Ndiyo kusema kwamba chini ya kazi mbili za bwana ipo kazi ya tatu, nayo ni wewe uliyelishika pigo lile lisilobadilika. Siku ya Jumamosi yeye akiwa Mbarara, nani hupalilia? Nani huenda na mtoto mwenye homa kwenye zahanati? Mumewe hatakiwi kuchagua kati ya mawili kabla hamjalihesabu la tatu.

Kwa hiyo chukueni karatasi, wewe na bwana, jioni moja watoto wakiisha kulala. Andikeni siku saba za juma. Wekeni saa za shule, saa za bendi, saa za safari (kilomita zipatazo 50 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na barabara ya vumbi mnaijua), saa za shamba, na saa za usingizi. Usingizi uandikwe kwa wino, si kwa penseli. Nina hakika mtakapoziweka siku nne za bendi juu ya karatasi hiyo, mtaona kwamba hazitoshei mpaka mtu fulani aache kulala, na mtu huyo hatakuwa mwenye hoteli.

Rai yangu ni kwamba akatae siku nne. Aseme kwa adabu, mapema, tena kwa maandishi: katika muhula wa shule atapiga Ijumaa na Jumamosi tu, likizo ya Desemba na Januari atapiga hata siku tano. Bendi ya hoteli huhitaji watu zaidi Desemba kuliko Machi, kwa ajili ya sikukuu na harusi, na Desemba ndipo shule zinapofungwa. Mkataba wa namna hiyo huwafaa wote wawili, na kiongozi wa bendi mwenye akili ataukubali, kwa sababu mpiga tumba anayefika kwa wakati hapatikani kila kichochoro. Aombe pia kwamba malipo ya usiku usiokuwa na wageni yawe nusu, yasiwe sifuri. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Asiogope basi kuomba mapatano yaliyoandikwa kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Kisha aende kwa mkuu wa shule, tena asiende mikono mitupu. Apeleke ratiba: Jumatatu aanze vipindi baada ya mapumziko ya asubuhi, na deni hilo alilipe Jumatano alasiri kwa kuwafundisha watoto wote wa darasa la tano na la sita kwa pamoja uwanjani. Mkuu aliyesikia uvumi tu kwamba mwalimu wake anataka kuhama hutoa amri; aliyewekewa karatasi mezani huanza kuisoma. Akikataa kabisa, hapo mtakuwa na uchaguzi wa kweli, nami katika hali hiyo ningeshika shule na kupiga tumba wakati wa likizo na kanisani. Nimelisema hili nikijua litawaudhi vijana wanaotaka msanii ayaache yote kwa ajili ya sanaa. Vijana hao hawana watoto wanne.

Sasa afya, maana safu hii ingekosa kazi yake. Umesema hasikii ukimwita siku ya Jumapili. Hilo si jeuri, ni onyo. Wataalamu hukadiria kwamba sikio laweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli tatu, muda huo hukatika nusu: 88 ni saa nne, 94 ni saa moja, 100 ni robo saa tu. Mpigaji aliyekaa kati ya matoazi na spika za ukumbi huipita 100 bila ya kujua. Uziwi wa namna hiyo huja polepole na haurudi nyuma. Pamba haisaidii sana. Anunue vizibo vya masikio katika duka la dawa mjini, si ghali, na akae mbali kidogo na matoazi. Mwalimu wa muziki asiyesikia vyema hatajua mtoto yupi wa mstari wa nyuma amepotea.

Mikono inayovimba aizamishe katika maji baridi mara amalizapo kupiga, na kabla ya kupiga aipashe moto pole pole kwa dakika kumi. Jambo jingine ambalo wapiga tumba huliogopa na kulificha: baada ya usiku mrefu wa kupiga kwa nguvu, mkojo waweza kuwa wa rangi ya kahawia au nyekundu. Madaktari wamekwisha kuliandika. Chembe za damu husagika katika viganja kwa kule kugongagonga, na rangi yake hutoka na mkojo. Hakuna aliyemroga. Hata hivyo asikae nalo nyumbani, kwa kuwa malaria kali na kichocho huweza kuleta dalili inayofanana na hiyo. Aende zahanati akapimwe, na apumzishe mikono siku kadhaa.

Juu ya binti yako mwenye miaka kumi na miwili, ambaye jirani amelalamika kwamba anapiga ngoma pamoja na wavulana. Jirani huyo ni Mrundi, wasema, na amekueleza kwamba kwao ni mwiko. Ni kweli kwamba agizo la serikali ya Burundi la Oktoba 2017 liliwakataza wanawake kupiga ngoma zile. Agizo hilo halina nguvu Uganda, wala binti yako si Mrundi. Hata hivyo usigombane na jirani, mnachota maji mahali pamoja. Mwambie bwana wako amwalike jirani aje shuleni siku moja kusikiliza. Binti ampigie lile pigo la rumba kwenye dumu, ambalo si mali ya mfalme wa nchi yoyote.

Na mwisho tumba yenyewe, ambayo wasema inakaa katika chumba wanamolala watoto na ngozi yake imeanza kupasuka. Isiwekwe karibu na jiko hata kidogo. Joto huikausha ngozi ikajivuta mpaka ikachanika, na ubao nao hupasuka. Wakati wa masika usiiache sakafuni penye unyevu, iinue juu ya matofali mawili. Bwana akirudi Jumapili, kabla ya kulala, alegeze skrubu zote kidogo kidogo kwa kuzunguka, asilegeze moja na kuacha nyingine, kisha uifunike kwa kanga kuukuu. Mtoto asikalie.

Juma lijalo, jamu ya mapera.